Mpaka Samaki Watulie

8 Machi

Mtu niliyekuwa nikimsengenya naye wifi yangu amekufa, kwa hiyo kuanzia leo nitamsengenya humu. Daftari hili ni la zawadi, tulipewa kwenye duka la miwani ninakofanya kazi na watu wanaotuletea lenzi, na kila ukurasa una kijicho kilichochorwa pembeni.

Asubuhi fundi vioo amekuja na mkokoteni, juu yake tangi la kioo kubwa kama karo la kufulia. Nikamwambia amekosea nyumba. Akatoa futi mfukoni, akapima ukuta kati ya dirisha na kabati, likaenea pale kana kwamba ukuta ulijengwa kwa ajili yake.

"Mzee alikuja kunipa vipimo mwenyewe," akasema. "La samaki wa maji ya chumvi. Alishamaliza malipo. Yupo?"

"Alifariki Januari."

Akavua kofia, akasimama nayo kidogo, kisha akauliza aliweke wapi.

Miaka ishirini na sita ya ndoa, mume wangu hakuwahi kunitajia samaki isipokuwa yule wa kwenye sahani. Nilikuwa natafuta maneno ya kumrudisha fundi na kioo chake, lakini Wifi akatoka chumbani, akalifuta lile tangi vumbi kwa pindo la gauni lake. "Tutalitia samaki," akasema. "Mdogo wangu alitaka samaki."

Wifi ndiye dada mkubwa wa marehemu, muuguzi mstaafu. Alikuja msibani na begi la mkononi. Wiki iliyofuata likaja sanduku lake kwa basi. Begi lilinifariji; sanduku ndilo lililoninyima raha.

10 Machi

Nimemuuliza kwa kuzunguka. "Wifi, huko kwako nyumba unamwachia nani?"

"Ipo tu. Haina miguu."

Baadaye, akikunja nguo zangu kwa namna ambayo mimi sizikunji, akasema bila kuniangalia, "Usiwe na wasiwasi, wifi. Samaki wakitulia, nitaondoka."

Kuanzia leo mimi ni shabiki mkubwa wa samaki.

11 Machi

Mvua zimeanza. Dukani mteja mmoja amerudisha miwani. Anasema akiivaa anaona vumbi la nyumbani kwake.

15 Machi

Tumekwenda kwa muuza samaki wa mapambo. Mtaa mzima wanamwita Mapovu, kwa sababu ya zile pampu zake zinazobwabwaja ukutani, na kwa sababu yeye mwenyewe akianza kusema hakomi.

"Nataka samaki wasiokufa," nikamwambia.

"Mama, hao hawajaumbwa. Nina wagumu."

"Basi hao wagumu."

"Mimi nataka wazuri," Wifi akasema.

Mapovu akanitazama, akamtazama mwenzangu, nadhani akaelewa hali ya nyumba yetu papo hapo. Akasema leo hatuuzii samaki yeyote, leo tunachukua mawe. Kumbe uchafu wa samaki ni sumu kwa samaki mwenyewe, na kuna vijidudu vinavyokaa kwenye mawe ya baharini ambavyo huila ile sumu, ila vinataka muda wa kuzaliana. Tangi linakaa na mawe, maji ya chumvi, pampu na hita, bila samaki, mpaka maji yakomae.

"Yanakomaa lini?"

"Maji hayana kalenda, mama."

Nikaona kuondoka kwa Wifi kukisogea mbele kama gari lililokatika breki.

Akatuuzia gunia la chumvi maalumu. "Msije mkatia ya jikoni," akasema, "mkaniulia samaki kwa chumvi ya mchuzi." Hapo Wifi akainua macho akaangalia dari. Nimeliona hilo. Mapovu akauliza kama tunataka na kipimo cha chumvi, kichombo fulani cha plastiki chenye mshale. Wifi akajibu kwamba amechanganya dawa za watu miaka thelathini na hakuna aliyelalamika. Kipimo kikabaki dukani.

20 Machi

Mawe. Tunakaa sebuleni tunaangalia mawe.

Leo wakati wa chakula Wifi ameonja mchuzi, akaweka kijiko chini taratibu. "Chumvi iko sawa," akasema. Mtu mwingine angeona amesifiwa.

Niandike hili mara moja niachane nalo. Siku ya mazishi nilikuwa naingia jikoni na sinia la vikombe, wanawake wamenipa mgongo, nikamsikia Wifi akisema, "Nilimwambia mdogo wangu, chumvi ya nyumba ile itakumaliza." Mume wangu alikuwa na shinikizo la damu. Wote wakaguna. Mimi nikarudi na sinia langu nikasimama ukumbini mpaka vikombe vikaacha kugongana. Sijamwambia Wifi kwamba nilisikia. Nangoja siku yake.

27 Machi

Mvua. Mawe yameota kitu cha kahawia kama masizi. Wifi anasema ni dalili nzuri. Anasema hivyo kwa sauti ya mtu aliyezungumza na daktari.

2 Aprili

Kile cha kahawia sasa kijani. Nimechoka kuishi na bustani ya mwani.

12 Aprili

Mapovu ameyapima maji kwa vidonge vyake akasema yamekomaa. Tukaenda kuchagua. Nitaandika kwa kirefu maana ilikuwa mchana mzuri, na sikutarajia.

Kwanza akatuonyesha jozi ya rangi ya chungwa yenye mistari myeupe. "Hawa ukiwasahau siku mbili hawakununii." Nikawachukua kabla hajamaliza sentensi. Halafu kisamaki cha kahawia chenye macho ya kutokeza, kinachoegemea jiwe kwa mapezi yake ya mbele na kukutazama kama karani anayengoja saa ya kufunga ofisi. Tukamwita Karani hapohapo, na sijui ni nani kati yetu aliyeanza.

Wifi alimtaka yule mpana wa njano. Mapovu akakataa, akasema huyo anataka tangi la kuogelea mbio, kwetu angezunguka mpaka awe mwehu. Kisha akatuonyesha wa bluu, mdogo, anang'aa.

"Huyu ndiye mgumu kupita wote. Umeme ukatike, maji yachafuke, yeye yupo. Shida yake ni moja tu, akishaingia nyumbani anaiona nyumba yote yake. Humtoi."

"Huyo hapana," nikasema. "Huyo tunaye."

Limenitoka tu. Mapovu akajifanya anakaza bomba. Wifi akanigeukia polepole, nikajua leo ndiyo leo, halafu akaangua kicheko mpaka akashika meza. Sikuwahi kujua kwamba ana mwanya.

Kwa matumbawe tulikwenda na magumu vilevile. Ya uyoga, yanayokaa yamejitandaza hata kwenye mwanga hafifu. Ya vifungo, yanayofunga na kufungua kama yanavyotaka. Na moja linaloitwa la ngozi, lenye vidole vinene, ambalo Mapovu anasema linaweza kununa wiki nzima, na ukiliacha linaacha kununa lenyewe.

Tulipokuwa tunatoka Wifi akasimama. Pembeni, kivulini, kulikuwa na tumbawe la rangi ya kiini cha yai, limejikunja kama ngumi. Mapovu akachukua bomba la sindano lisilo na sindano, akalidondoshea maji ya uduvi uliosagwa, akatuambia tungoje. Tukangoja. Midomo ikaanza kufunguka, mmoja huku, mwingine kule, kila mmoja na vidole vyake vya njano, mpaka ngumi yote ikawa maua.

"Hili halishibi mwanga kama hayo mengine," akasema. "Kila mdomo unalishwa peke yake. Ukiuruka mmoja, huo unakufa, na jirani yake anafuata. Linataka mtu wa kushinda nyumbani."

Wifi alikuwa ameweka mikono nyuma, ameinama kidogo. Bila shaka hivyo ndivyo alivyokuwa akipita vitandani. "Wodi nzima," akasema. "Tena wenye njaa."

"Wifi," nikamwambia, "ukienda kwako nani atalilisha? Mimi nashinda kazini. Tuchukue magumu."

"Kweli," akasema, akafungua mlango.

13 Aprili

Wako hai.

14 Aprili

Bado.

19 Aprili

Wale wawili wa chungwa wamechagua kona nyuma ya pampu na hawataki mwingine apite. Mkubwa ni jike, anamsukuma mume wake kwa kichwa, na mume anatetemeka mwili mzima kuonyesha heshima. Wifi anasema angependa wanaume wote wafundishwe hivyo. Jioni tunazima televisheni.

24 Aprili

Maji yamepungua kwa upana wa vidole viwili. Yanakauka kwa joto la taa. Wifi amempigia Mapovu, mvua inagonga bati, amelazimika kuziba sikio moja.

"Anasemaje?"

"Anasema maji yakipungua tuongeze maji baridi. Basi."

Ina maana, hita inapasha na sisi tunapoza. Wifi amechanganya maji na chumvi kama alivyofundishwa, vijiko vya kusawazishwa kwa kisu, akajaza chupa, akazipanga rafu ya chini ya friji. Za kwetu za kunywa zimehamia mlangoni. Asubuhi kabla sijaenda kazini nitamimina chupa moja, jioni atamimina yeye.

30 Aprili

Miwani ya watoto wa shule, mfululizo. Maji baridi, asubuhi na jioni. Mvua haikatiki.

3 Mei

Uyoga umesinyaa. Mapovu alisema kununa ni kawaida.

5 Mei

La ngozi nalo limekunja vidole vyote. Karani hayuko kwenye jiwe lake, yuko chini kabisa, anapumua haraka. Wifi amevuta kiti akakaa mbele ya kioo na saa mkononi, anahesabu pumzi za samaki. Ameniambia niongeze ya baridi, huenda wanasikia joto. Nikaongeza chupa nzima.

9 Mei

Jike la chungwa limekufa. Nimelikuta nimetoka kazini, linaelea kwa ubavu, na yule mume wake anazunguka zunguka chini yake akilisukuma kwa kichwa.

Wifi alikuwa ameketi. Hakulitoa. Nikachukua kichujio cha chai nikalitoa mimi.

"Ulitia nini asubuhi?" akaniuliza.

"Nilichotia kila siku. Chupa yako."

"Ulinawa mikono? Ulikuwa na sabuni?"

"Wifi, nilinawa. Hata nisingenawa, siku zote nanawa kwa sabuni ileile."

Akageukia kioo. Mimi nikadhani yamekwisha, nikaenda jikoni kubandika maji ya chai, nikamsikia anasema kwa sauti ya chini, kana kwamba anazungumza na kioo, "Nyumba hii. Kila changu kikiingia hakitoki kizima."

Nikarudi na kibiriti mkononi. Siku niliyokuwa nikiingoja ilikuwa imefika na mimi sikuwa nimejiandaa. Nikamwambia, "Sema yote. Sema chumvi."

"Chumvi gani?"

"Ile uliyowapa wenzio jikoni siku nazika mume wangu. Nilikuwa nyuma yenu na vikombe vyenu."

Uso wake ulibadilika, lakini mdomo haukukubali kushindwa. Akasema yeye ni muuguzi, anajua anachokiona. Akasema mdogo wake alikuwa mzima kama chuma kabla ya kuoa. Nikamwambia mdogo wake alikuwa mzima kama chuma akiwa na miaka ishirini na nne, na kila mtu huwa hivyo. Akasema namjibu. Nikasema ndiyo, namjibu, tena nimechelewa. Nikamwambia samaki watulie wasitulie, Jumamosi aende kwake.

"Haya," akasema. Akaingia chumbani. Nimesikia zipu ya sanduku.

Nilitaka kuandika kwamba nimefurahi. Nimekaa na kalamu kitambo na sifurahi. Nimekasirika, na yule mume wa samaki bado anazunguka mahali mke wake alipokuwa anaelea.

10 Mei

Hatusemeshani. Amepika, amenifunikia, amekwenda kulala. Chakula hakina chumvi hata chembe. Sijui ni ujumbe au ni unesi.

11 Mei

Nimempigia Mapovu nikiwa kazini. Nikamwambia aje aone, maana sitaki wafe wote mikononi mwangu halafu nilaumiwe. Amekuja jioni, amelowa chapachapa, ameinua miguu ya suruali mpaka magotini.

Wifi akatoka chumbani kwa ajili ya mgeni. Akakaa kwenye kiti cha mbali. Mapovu akaweka pua kwenye kioo, akaguna, akauliza tunalisha nini, kiasi gani, taa inawaka saa ngapi. Wifi akajibu kila kitu kama anakabidhi zamu. Akauliza kama maji tunaongeza. Tunaongeza, kila siku, kama ulivyosema. Akakuna kichwa.

"Basi sielewi. Nipeni maji ya kunywa kwanza, nimekimbia na hii mvua."

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa jikoni, mawazo yangu yakiwa Jumamosi. Nikafungua friji, nikainama, nikachukua chupa iliyo mbele yangu, nikammiminia glasi imejaa pomoni. Mapovu ana kiu ya kweli. Alipiga mafunda mawili makubwa kabla ulimi haujamfikishia habari.

Yaliyobaki yalitoka kwa kinywa na kwa pua, yakafika mpaka kwenye zulia.

"Mama! Mnataka kuniua! Chumvi kwenye friji ya nini?"

"Samahani jamani, hizo ni za samaki!"

"Za samaki zinafanya nini kwenye friji?"

"Si ulisema mwenyewe tuongeze maji baridi," Wifi akasema.

Mapovu akabaki na glasi hewani. Ananitazama, anamtazama Wifi, maji yanamchuruzika kidevuni.

"Maji baridi," akasema polepole. "Baridi! Baridi ya maji yasiyo na chumvi! Samaki wa mtoni tunamwitaje? Si samaki wa maji baridi? Kwani mto una friji?"

Wifi akageukia friji.

"Maji yakikauka yanakwenda yenyewe, jamani. Chumvi haiendi. Chumvi inabaki palepale. Mnatakiwa kurudisha maji tu, matupu. Mmekuwa mnatia chumvi juu ya chumvi, kila siku, tena ya barafu!" Akatoa kile kipimo chake cha mshale, akachota, mshale ukapanda mpaka pasipo na alama. "Loo! Hapa hata kaa wa baharini angeomba maji."

Mimi kicheko kilinianzia tumboni. Si kwa furaha, nilikuwa nimechoka tu, na nilikuwa namwona Wifi akisawazisha vijiko kwa kisu. Nikacheka mpaka nikakaa sakafuni karibu na zulia lililolowa. Wifi hakucheka. Alikuwa anaangalia tangi.

"Mimi ndiye niliyekataa kipimo," akasema.

Mapovu akatuonyesha la kufanya. Kutoa kikombe cha maji ya tangi, kurudisha kikombe cha maji baridi, yaani yale mengine, yaliyochujwa na kukaa mpaka yalingane na joto la ndani. Kidogo kidogo, siku nyingi. Ukiharakisha unawaua kwa kuwaokoa. Akaacha kipimo mezani, akakataa chai, akaomba maji, akasimama kwenye friji kuhakikisha mwenyewe.

12 Mei

Kikombe ndani, kikombe nje. Mimi nachota, Wifi anamimina. Ni kazi ya watu wawili wasiosemeshana, inawafaa.

Tukiwa katikati ya kikombe cha tatu au cha nne, akasema, "Kwa hiyo chumvi ilikuwa mimi."

Nikadhani anasema ya samaki. Nikamwambia sote tulimimina.

"Sisemi hii." Akaweka kikombe chini. "Alikuwa anakuja kwangu kila mwisho wa mwezi, unajua. Anakaa mezani anasema, dada, nyumbani nakula kama mgonjwa, mke wangu ameficha chumvi, hata nikiitafuta siioni. Ananibembeleza kama alivyokuwa akinibembeleza akiwa mdogo. Nami namwekea. Muuguzi mzima. Namwekea mwenyewe, namwangalia anakula, nafurahi."

Nikaendelea kuchota kwa sababu mkono ulikuwa umeshazoea.

"Ulijua kwamba siweki chumvi," nikasema.

"Nilijua."

"Na ukasema vile."

"Nikasema vile. Nilifika pale, kila mtu ananitazama, huyu ni nesi, mbona mdogo wake amekufa. Nilishindwa kuubeba mzigo huo peke yangu, wifi. Nikakutupia."

Nimeitafuta hasira niliyokuwa nimeihifadhi tangu Januari. Ilikuwepo, lakini ilikuwa ndogo kuliko nilivyoiweka. Nikaenda chumbani nikaleta kibweta cha miwani cha marehemu, kile cha kahawia nilichompa mwenyewe kutoka dukani. Nilikifungua wiki ile ya msiba na sikumwonyesha mtu. Hakina miwani. Ndani mna karatasi iliyokunjwa vizuri, na ndani ya karatasi mna chumvi.

"Alikuwa anatembea nayo," nikamwambia. "Nilikuwa naficha chumvi jikoni, kumbe anayo mfukoni."

Wifi akaigusa ile chumvi kwa kidole. "Mshenzi yule," akasema. Tukalia wote wawili, yeye kwa sauti, mimi kwa pua kama kawaida yangu. Halafu tukamalizia vikombe vya siku ile.

13 Mei

Kikombe ndani, kikombe nje.

15 Mei

Hivyohivyo. Mshale umeshuka kidogo.

18 Mei

Jumamosi imepita na hakuna aliyeitaja.

22 Mei

La ngozi limefungua vidole viwili. Wifi amenipigia simu kazini kuniambia. Mteja alikuwa kwenye kiti anasoma herufi za ukutani, nikamwambia asubiri, nyumbani kuna mgonjwa amefumbua macho.

25 Mei

Karani amerudi kwenye jiwe lake, ameegemea, anatutazama kwa dharau ileile. Uyoga umejitandaza. Mshale uko mahali pake. Mapovu ameleta kichungwa kingine, kidogo, hakutaka malipo, amesema ni fidia ya lugha. Yule mume alimnusa, akamzunguka. Mapovu anasema hawa huwa hivi, jike akifa dume aliyebaki hugeuka kuwa jike. Wifi akasema hajashangaa, nyumba isipokuwa na mwanamke lazima mtu ajitolee.

Mvua zimeanza kupungua.

30 Mei

Miwani sita. Nimerudi mapema. Nimegundua natembea haraka nikikaribia nyumbani.

3 Juni

Jua siku nzima. Samaki wanakula, matumbawe yamefunguka yote, maji yametulia kama kioo chenyewe.

Wifi alikuwa amesimama mbele ya tangi, mikono nyuma. "Wametulia," akasema.

"Wametulia," nikasema.

"Basi Jumamosi nitapata basi la asubuhi. Nilisema samaki wakitulia, na wewe ulisema Jumamosi."

"Haya," nikasema.

Kwa nini nimesema haya? Nimemaliza chakula, nimeosha vyombo, nimejiuliza. Neno la kumzuia mtu mzima asiondoke sijui linaanzaje. Kumfukuza kulinitoka kwa pumzi moja.

4 Juni

Anakunja nguo. Zangu pia amezikunja, kwa namna yake. Nimeziacha hivyohivyo.

5 Juni

Amenifundisha mara ya pili jinsi ya kusafisha pampu, kana kwamba sikumwona akiisafisha miezi yote hii. Nilimsikiliza mpaka mwisho.

Nilitaka kusema kitu. Nikauliza kama amekata tiketi. Amekata.

6 Juni

Nimetoka kazini saa ya chakula nikaenda kwa Mapovu. Alikuwa anakula, akataka kuamka, nikamwambia akae.

"Kuna tatizo, mama? Samaki?"

"Samaki wazima. Nataka tumbawe."

"Nina magumu mapya yameingia jana, hata—"

"Magumu ninayo. Nipe lile la kulishwa."

Akaacha kutafuna. "Lile la midomo? Mama, wewe si unashinda kazini? Nilikwambia, lile litakusumbua, lina kazi kuliko mtoto mchanga. Wiki moja bila mtu wa kulishika, limekufa."

"Ndiyo maana nalitaka."

Mapovu akasukuma sahani yake pembeni. Alilifunga kwenye mfuko wa maji, mfuko ndani ya mfuko, akanifungulia mlango.

Wifi alikuwa chumbani, sanduku limefungwa, limesimama mlangoni, begi la mkononi juu yake. Nikaliondoa begi, nikauweka mfuko pale juu ya sanduku. Lile tumbawe lilikuwa limejikunja kwa sababu ya safari, ngumi ya rangi ya yai.

Akalitazama. Akanitazama mimi.

"Wifi," nikasema, "mimi kesho nipo dukani mpaka jioni. Na keshokutwa. Na hili halijala tangu asubuhi."

Alivaa miwani yake, akainama, akauinua mfuko kwenye mwanga wa dirisha, midomo yake mwenyewe inacheza, anahesabu. Alihesabu mpaka mwisho, kisha akaanza upya.

"Linataka bomba la sindano," akasema.

"Nenda kaangalie jikoni, huenda—"

"Jikoni kwako hakuna. Ninayo mimi." Akanikabidhi mfuko niushike kwa mikono miwili, akalilaza sanduku chini, akapiga magoti. "Yako chini kabisa. Itabidi nitoe kila kitu."